Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Leo tumechagua kuzungumzia watu wanaoshinda chini ya milima wakisubiri kiini cha atomu kioze, yaani kibadilike chenyewe kuwa kiini cha aina nyingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 2019 wanasayansi wa jaribio la XENON1T, katika maabara ya Gran Sasso nchini Italia, walitangaza kuwa wameshuhudia viini vya zenoni-124, aina mojawapo ya gesi ya zenoni, vikimeza elektroni mbili kwa mpigo. Nusu-maisha ya uozo huo, yaani muda ambao nusu ya viini huwa vimeoza, ni zaidi ya mara trilioni moja ya umri wa ulimwengu! Waliuonaje basi? Hawakukodolea macho kiini kimoja. Walikusanya tani za zenoni ya kimiminika, na katika atomu nyingi kiasi hicho hazikosekani chache ambazo zamu yao imefika.

Kinachowasumbua ni mionzi ya kawaida, ambayo huweza kudhaniwa ndiyo inayotafutwa. Ile itokayo angani hupunguzwa takriban mara milioni moja na mwamba wa mita 1,400 ulio juu ya maabara. Lakini mwamba wenyewe una urani, hewa ina gesi ya radoni, na hata madini ya risasi (lead) yanayowekwa kama ngao huwa na aina yake iitwayo risasi-210, ambayo nayo hutoa mionzi. Hapo jaribio la CUORE, katika maabara hiyohiyo, lilitumia risasi ya Warumi iliyozama na meli karibu na Sardinia miaka 2,000 hivi iliyopita. Risasi-210 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22, hivyo ile ya baharini ilikwisha zamani. Vipande vyake vilikuwa na maandishi ya kale. Yalikatwa yakahifadhiwa, ndipo risasi ikayeyushwa. Uangalifu huo umetugusa sana.

CUORE, pamoja na KamLAND-Zen ya Japani, wanatafuta uozo wa beta maradufu usiotoa nyutrino, yaani ule ambao kiini hutoa elektroni mbili kwa mpigo bila nyutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji. Ukionekana, utathibitisha wazo la mwanafizikia wa Italia Ettore Majorana la mwaka 1937, kwamba nyutrino na antinyutrino, yaani chembe kinzani yake, huenda ni kitu kimoja. Bado haujathibitishwa. KamLAND-Zen wameonyesha kwamba nusu-maisha yake katika zenoni-136, kama uozo huo upo, inazidi miaka inayoandikwa kwa 1 na sifuri 26. Wapo wanaosema hawa wametoka mikono mitupu. Sisi tunakataa: mpaka huo ni kipimo halali, na umegharimu miaka ya kazi safi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu haina kifaa hata kimoja cha kupimia mionzi. Nusu-maisha tunaijua ubaoni tu. Tunakuomba utusaidie kupata kihesabio cha Geiger, na utukutanishe na mwanafizikia atakayetufundisha kupima kwanza mionzi iliyomo darasani mwetu, kabla hatujaweka sampuli yoyote mezani.

Tunaomba kuwasilisha.