Seneti ilinyamaza, nami nikadhani imekubali

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, natumaini nawe hujambo, na mama ameshapata nafuu. Nisamehe kwa ukimya wa miezi yote hii. Leo nina jambo limenikaa kooni, na hapa sina wa kumwambia, kwa kuwa kila mtu yumo ndani yake.

Nilikueleza kwamba hapa chuo kikuu nimepewa kazi ya kuharakisha matokeo ya mitihani. Alama hutoka kwa mhadhiri, hupita kwenye kikao cha idara, bodi ya mitihani ya kitivo, kisha Seneti, baraza kuu la taaluma la chuo. Wanafunzi wanaanza muhula mpya hawajui kama wamefaulu ule uliopita. Liliniuma, na bado linaniuma. Basi wiki ya tatu tu tangu nifike nikapeleka hoja: kikao cha idara kiondolewe. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Kimya. Hoja ikapita, ikaandikwa kwenye muhtasari, nami nikatoka na furaha.

Muhula umekwisha. Idara zote isipokuwa moja zimefanya vikao vyao kama zamani. Hakuna aliyegoma wala kuandika barua ya kupinga. Wameendelea tu.

Unamkumbuka Karl Weick, yule mtaalamu wa taasisi aliyeandika mwaka 1976 kwamba taasisi za elimu zimeunganishwa kwa kamba zilizolegea? Unavuta upande huu, upande wa pili hautikisiki. Sasa kamba yenyewe ninayo mkononi.

Aliyenifumbua macho ni ofisa mitihani mmoja, mama mtulivu sana. Alinitolea majalada, tukakaa nayo mchana mzima. Kumbe kwenye kikao cha idara ndipo maoni ya mtahini wa nje, yule wa chuo kingine anayekagua mitihani yetu, yanaposomwa. Ndipo mhadhiri anapoulizwa kwa nini nusu ya darasa imeanguka. Na mwanafunzi akikata rufaa, kumbukumbu za kikao hicho ndizo zinazotazamwa kwanza. Nilikuwa naondoa kinga ya mwanafunzi yule yule niliyetaka kumsaidia! Halafu kikao chenyewe humalizika asubuhi moja. Muda unapotelea kwingine: tarehe za Seneti hupangwa mwanzoni mwa mwaka, na kitivo kikichelewa siku mbili, matokeo yake yanalala hadi kikao kijacho.

Nikamuuliza mbona hakuna aliyesema. Akajibu, “Hukutuuliza, mwalimu. Ulituletea.”

Maneno hayo sijayameza hadi leo.

Nataka nirudi Seneti niiondoe hoja yangu mbele ya wote, kisha niombe kitu kidogo tu: kamati ya mitihani ipewe mamlaka ya kuidhinisha matokeo kwa muda kati ya vikao. Safari hii nimeanza kwa kuzunguka idara moja moja, nikisikiliza. Mzee wetu ananikataza. Anasema mgeni akirudi nyuma mwaka wa kwanza, hatasikilizwa tena. Namheshimu, lakini katika hili naona amekosea.

Wewe unaonaje? Ulipohamia kule kwako, ulisubiri muda gani kabla ya kugusa chochote? Uliwahi kuiondoa hoja yako mwenyewe, na watu walikutazamaje siku ya pili? Na ile idara moja iliyonitii, niiombeje radhi? Rasimu nimeiambatanisha. Isome kwa jicho kali, unijibu kabla ya Ijumaa, maana ajenda inafungwa siku hiyo.

Wako daima