Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama aelezwe kabla ya kusaini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake. Kila siku ya kliniki hakosi kuja mama ambaye kabla hajaketi hugeuka kuangalia kama mlango umefungwa. Kisha ananong'ona: "Kuna kitu kinatokeza huku chini." Akikohoa, mkojo unamtoka. Akienda msalani hauishi, mpaka aurudishe uvimbe ndani kwa kidole. Ni kibofu kimeshuka, na wengine wameishi nacho hivyo miaka mingi wakidhani ndiyo malipo ya uzazi.

Upasuaji upo, na mara nyingi tumbo haliguswi. Daktari hupitia ukeni, akafungua ukuta wa mbele, akakaza tishu zilizolegea chini ya kibofu kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa baada ya siku moja au mbili. Mimi sina ugomvi na kisu.

Lakini siku moja nilikuwa nasukuma machela kuelekea chumba cha upasuaji, mama akanishika mkono: "Sista, wananitoa kizazi?" Fomu ya ridhaa alikuwa ameshaisaini. Nikasimamisha machela, nikamwita daktari, akaelezwa palepale kwenye korido, watu wakipita.

Naomba utoe agizo, Mheshimiwa: asisaini mtu kabla hajaelezwa, akiwa ameketi, mlango umefungwa. Aambiwe kuna pesari, yaani kifaa kinachowekwa ukeni kushikilia kibofu kisishuke, na kwamba uvimbe ukiwa mdogo mazoezi ya misuli ya nyonga husaidia. Aambiwe kibofu kinaweza kushuka tena, hasa kama kizazi nacho kimelegea na hakikushikizwa. Aambiwe kwamba hata ambaye hakuwa akivuja mkojo anaweza kuanza kuvuja baada ya operesheni. Hili ndilo huwaumiza zaidi, maana hudhani wameharibiwa. Na akitajiwa wavu wa plastiki wa kuwekwa kupitia ukeni, ajue kwamba mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru uuzaji wake kwa ajili ya kibofu kilichoshuka usitishwe, kwa kuwa usalama na manufaa yake havikuthibitishwa vya kutosha.

Aliyemsindikiza naye aitwe asikie, kwa sababu wiki sita za kutobeba kizito haziwezekani kama nyumbani hakuna anayejua.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa wodi ya wanawake