Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kamera, Magnya na Ada Zetu

Ndugu Wanachama,

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wote kwa jumla habari za leo. Nawashukuru mliofika. Nimewahesabu wakati Katibu anasoma ajenda: tuko 29 kati ya wanachama 64 wa chama chetu cha kutazama nyota. Ni wengi kuliko mkutano wowote wa mwaka huu, na sababu yake naifahamu. Mmekuja kusikia habari ya kamera ya darubini tuliyoinunua mwaka huu. Nitaifikia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulitembelea shule 5, watoto wakaona milima ya Mwezi na pete za Zohali. Tulikuwa na meza yetu Nanenane pale Nzuguni. Tulifanya usiku wa wazi mara 4. Mara moja vumbi lilitufukuza. Kalenda ya anga ilitoka, ingawa kwa kuchelewa.

Fedha: tulianza mwaka na shilingi 1,310,000. Ada zilizoingia ni 756,000. Mwanachama mwenzetu mkulima wa zabibu wa Makutupora alituchangia 400,000, Mungu ambariki. Jumla 2,466,000. Tumetumia 1,420,000 kununua kamera, 180,000 kukodi ukumbi, 215,000 mafuta na usafiri, 96,000 uchapaji. Jumla ya matumizi 1,911,000, salio 555,000. Mweka Hazina anazo risiti zote na yuko hapa mbele yenu. Safari zangu mbili za Hombolo, tulikokwenda kutazama anga, na betri ya gari nililipia mwenyewe, na fedha hizo sizidai.

Sasa nije kwenye kamera.

Maneno yamekuwa mengi. Limeandikwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na nimelisoma kwa macho yangu, kwamba mwenyekiti amechukua fedha za safari ya Mbozi akanunulia nukta, yaani kamera ya kupigia picha kijinukta cha angani. Wengine wamesema nilitaka jina. Naomba mnisikilize hadi mwisho, kisha muamue.

Ni kweli Mkutano Mkuu uliopita ulitenga 900,000 kwa ajili ya safari ya kwenda kukiona Kimondo cha Mbozi. Ni kweli pia tulikubaliana kila msafiri achangie 60,000, maana kukodi basi kutoka hapa hadi Songwe na kurudi tuliambiwa ni 2,800,000. Hadi tarehe 31 Mei watu 7 walikuwa wameahidi kuchangia. Aliyelipa hakuna. Safari hiyo haikuuawa na kamera. Ilikuwa imelala muda mrefu kabla kamera haijatajwa.

Mwanzoni mwa Juni mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahama alitaka kuuza kamera yake ya darubini, na akatupa siku nne. Niliita mkutano wa dharura siku ya Jumapili, saa kumi jioni. Ujumbe ulisomwa na watu 58. Alama za bluu ziliniambia hivyo. Walifika 6, nami nikiwa mmoja wao. Tulisubiri hadi saa kumi na mbili kasoro. Ibara ya katiba yetu inairuhusu Kamati Tendaji kubadilisha matumizi ya fungu pale jambo lisipoweza kusubiri, mradi itoe taarifa kwa Mkutano Mkuu. Wajumbe wa Kamati waliokuwepo walipiga kura, wote wakaunga mkono. Taarifa yenyewe ndiyo hii ninayoitoa sasa. Sioni nilipovunja katiba, na neno “kuchukua” limeniuma sana.

Kwa nini haikuweza kusubiri? Kwa sababu ya Magnya.

Magnya ni asteroidi, yaani jiwe linalolizunguka Jua, namba yake 1459, katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Iligunduliwa mwaka 1937 na Grigory Neujmin akiwa Simeiz, Crimea. Ni ndogo: upana wake ni kama kilomita 17, sawa na kutoka katikati ya mji wetu ukaipita Ihumwa kidogo. Kwa miaka zaidi ya 60 haikumshughulisha mtu. Mwaka 2000 watafiti wakiongozwa na Daniela Lazzaro wa Brazil walichambua mwanga wake wakakuta uso wake ni wa basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa, kama ule unaoukuta miguuni mwa Kilimanjaro.

Hapo ndipo penye uzito. Ili jiwe la angani liwe na basalti, lazima mama yake, yaani mwili mkubwa lilikomegeka, aliwahi kuyeyuka: chuma kikazama katikati, mawe mepesi yakaelea, lava ikamwagika juu ikaganda. Asteroidi za basalti tunazozijua karibu zote ni jamaa wa Vesta, asteroidi kubwa ya kilomita zipatazo 525, iliyogongwa vibaya upande wake wa kusini, vipande vikatawanyika. Lakini Vesta iko wastani wa kilomita milioni 353 kutoka kwenye Jua, na Magnya ni milioni 470. Katikati yao kuna pengo ambalo uvutano wa Mshtarii huyasomba mawe yote yanayojaribu kukaa humo. Kipande cha Vesta kuvuka pale na kutulia salama ng'ambo ni jambo gumu mno. Baadaye, mwaka 2004, uchambuzi mwingine ulionyesha kuwa madini ya piroksini ya Magnya yana chuma pungufu kuliko ya Vesta. Kwa hiyo Magnya si mtoto wa Vesta. Ni kipande cha gamba la dunia nyingine ndogo iliyovunjika, na mama huyo hayupo tena.

Ndugu wanachama, wengi wenu mnaijua Mbozi. Wachache wanajua kwamba mwaka 1899 jiwe dogo lilianguka Peramiho, kule Ruvuma, na kwamba jiwe hilo ni la aina ile inayotoka Vesta. Nchi yetu ilipata kipande cha gamba la asteroidi. Na Mbozi ni nini? Ni chuma, tani zipatazo 16, na wataalamu wameshindwa kukiweka kwenye kundi lolote la vimondo vya chuma vinavyojulikana. Chuma cha namna hiyo hutokana na miili iliyoyeyuka. Sisemi Mbozi na Magnya ni ndugu, wala hakuna aliyelithibitisha hilo. Ninachosema ni kwamba miili mingi iliyeyuka na kuvunjika zamani zile, vimondo vya chuma vinashuhudia, lakini magamba yao ya basalti hayaonekani. Magnya ni mojawapo ya machache yaliyobaki. Anayetaka kweli kukielewa Kimondo cha Mbozi atataka na hili alione.

Na zamu yake ya kuonekana vizuri haingoji mikutano yetu. Dunia huipita Magnya kila baada ya miezi kama 15. Tungeikosa Julai, zamu inayofuata ni mwishoni mwa Septemba mwakani, na ya baada yake ni Desemba ya mwaka unaofuata, wakati wa mvua. Kwa jicho tupu haionekani kamwe, hata kwa darubini yetu ya sentimita 20 hutaitambua kwa kuchungulia. Bila kamera hakuna kitu.

Tulikwenda Hombolo usiku wa Julai tukiwa 5 na watoto wawili. Upepo ulikuwa ule wa Julai mnaoujua nyinyi wenyeji, unaopenya hadi kwenye mifupa. Tulizungushia darubini maturubai pande mbili, mimi nikashikilia la upande wa mashariki kwa muda mrefu. Picha ya kwanza ilikuwa nyota tupu, mamia. Baada ya saa mbili tukapiga nyingine, tukaziweka kwenye kompyuta moja juu ya nyingine, ikawa inabadilisha: hii, ile, hii, ile. Sisi wazee tulitoa macho hatuoni kitu. Binti wa mjumbe wetu, yuko kidato cha pili, akaweka kidole karibu na kioo akasema, “Babu, hii imeruka.” Nyota zote zimetulia, nukta moja imesogea kidogo kushoto. Tukailinganisha na ramani. Ndiyo yenyewe.

Hatukulala. Tuliendelea kupiga picha na kulinganisha mwanga wake na nyota za jirani. Saa tatu na nusu iling'aa vizuri, saa nne na dakika arobaini ilikuwa imefifia, saa sita kasoro dakika kumi imerudi. Magnya hujizungusha kwa saa 4 na dakika 40 hivi, na kwa kuwa ni ndefu, hutuonyesha ubavu wake mpana mara mbili kila mzunguko. Tulichokiona kwenye daftari kililingana na hilo. Jiwe refu la kilomita 17, huko mbali kuliko Mirihi, na sisi tumeketi Hombolo tumejifunika mablanketi tukiliona likigeuka. Mimi nimefundisha jiografia miaka 31, na sikuwahi kuwa na usiku kama ule. Anayesema tulinunua nukta, ndiyo, ni nukta. Nitaitetea mbele ya kikao chochote.

Sasa na mimi niseme langu. Mkutano wa Machi walihudhuria 9. Wa Juni, ambao ungeweza kulizuia suala la kamera kwa kura, watu 6. Wa Septemba uliahirishwa kwa kukosa akidi, na ukumbi tulikuwa tumeshaulipia. Ada ni 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, haifiki bei ya chipsi mayai. Waliolipa yote ni 23, walioishia nusu ni 17, na 24 hawajatoa hata senti. Malimbikizo ni 780,000. Majina ninayo lakini sitayasoma, kwa heshima yenu. Ila nimeangalia ujumbe wote uliolalamikia kamera: ulitoka kwa watu 11, na 8 kati yao wamo kwenye hao 24. Mwanachama ana haki ya kuhoji fedha za chama, nami ni wa kwanza kuitetea haki hiyo. Lakini nawaomba, ndugu zangu, tuhoji tukiwa tumelipa, na tuje kwenye kikao siku jambo linapoamuliwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, safari ya Mbozi ifanyike, na salio la 555,000 napendekeza lote liwekwe kwa ajili hiyo. Tunatarajia pia kupata sehemu ya kudumu ya kutazamia, mbali na taa za mji zinazoongezeka kila mwezi. Mazungumzo na mwenye shamba mmoja yameanza. Na mwishoni mwa Septemba tutaitafuta Magnya tena, tukijaliwa.

Kamera na darubini viko nyumbani kwangu, Ipagala, ndani ya sanduku la bati, na funguo ya pili anayo Katibu. Picha zile mbili za Hombolo nimezichapa, ziko mezani pale mlangoni. Binti ameweka duara la kalamu nyekundu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dodoma