Salamu za Noeli na Bonane kwa watu wa kwetu

Mama zetu, baba zetu, wakwe na watoto mlio Likasi, Kolwezi na hapa Lubumbashi: tumsifu Yesu Kristo.

Tumefika tena. Mvua inanyesha, maembe yamejaa barabarani, na bei ya mfuko wa unga kila mmoja anaijua, sina haja ya kuiandika. Aliyepata kuku ale na jirani. Aliyepata kapenta ashukuru. Bukari ni bukari.

Mwaka huu mezani kuna pengo. Tulipomzika mdogo wetu, kwenye kilio tulisema ni malaria. Neno hilo nililitoa mimi, nanyi mkaitikia. Ilikuwa SIDA, yaani UKIMWI. Mke wake ameniruhusu kuandika haya. Dawa alikuwa anapewa bure, lakini alizifuata Ruashi, akitokea Katuba, ili watu wa mtaa wasimwone kwenye foleni. Ndani ya chupa alitia pamba, vidonge visilie akitembea. Nauli ilipokosekana, akaacha.

Na lile kopo la kijani lililokaa peke yake dirishani, ni mimi niliyelitenga liwe lake. Hakuna aliyenituma. Alilikuta pale, akanywea maji, akaliosha, akalirudisha palepale. Hakusema kitu.

Kopo haliambukizi. Anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi hata mwenzake wa ndoa. Tangu 2008 nchi yetu ina sheria ya kuwalinda wanaoishi na virusi, lakini sheria haiingii jikoni kwangu kuangalia makopo.

Wazee, mapadri, wachungaji, hapa naongea nanyi. Ng'ambo tu ya Kasumbalesa, kule Zambia, Kenneth Kaunda alifiwa na mwanawe Masuzyo Desemba 1986, Noeli ikiwa mlangoni. Mwaka 1987, akiwa bado rais, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ni UKIMWI. Wakati ule hata dawa tulizo nazo leo hazikuwepo. Mandela naye, Januari 2005, alitangaza siku ileile aliyofariki mwanawe Makgatho. Rais aliweza; baba mkubwa anashindwa na nini? Tarehe 1 Desemba, siku ya UKIMWI duniani, mnafunga utepe mwekundu, Jumapili mnasema ni adhabu, na kuna wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge aombewe. Acheni! Mchungaji, ombea mgonjwa na vidonge vyake vikiwa mkononi. Nenda ukapimwe mchana, waumini wakuone ukiingia. Nanyi wenye lupango, mpangaji akikonda msianze kumtafutia sababu ya kumhamisha.

Basi, Noeli njema na Bonane ya heri. Mungu awape afya, amani na riziki, awafungulie njia mwaka mpya.

Misa ya marehemu ni tarehe 26, saa kumi na mbili asubuhi, kisha chai kwangu. Safari hii makopo yote yatakuwa kwenye sinia moja, na la kijani limo. Wanaotoka Kolwezi mniambie mapema, niongeze unga.

Dada yenu mkubwa