Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: joto la mitambo lituchemshie chikichi

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kigoma, mkoa ulioishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kutufikia. Tulilalamikia kelele na moshi, joto hatukulidai. Hata jenereta nzuri hugeuza kama asilimia 40 tu ya nishati ya dizeli kuwa umeme. Nyingi iliyobaki hupotelea kwenye bomba la moshi na rejeta. Mafuta yaje kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, halafu tupashe nayo hewa!

Huko Hwaseong, Korea Kusini, kuna kituo cha megawati 59 cha seli za fueli, zinazotoa umeme kwa kemia bila kuwasha moto. Ndani yake joto hufika nyuzi 650 hivi, na linalozidi hupelekwa kwa mabomba kupasha nyumba za watu. Siombi mtambo huo. Unatumia gesi asilia, na ile ya Mtwara haijafika kwetu, na nyumba zetu hazihitaji kupashwa, labda Kasulu mwezi wa Julai.

Tunachohitaji ni joto la kuchemshia chikichi. Huku Mwandiga na Simbo wakamuaji wadogo wa mawese bado wanachemshia kwenye mapipa, kwa kuni. Moshi wa jenereta kubwa, wenye nyuzi 400 hivi, ukipitishwa kwenye boila hutoa mvuke wa kazi hiyo. Malaysia viwanda vya mawese huunguza makapi na vifuu vya chikichi, mvuke ukazungusha kwanza tabo, yaani mashine ya pangaboi inayoendesha jenereta ya umeme, kisha ukaivisha chikichi.

Utaniambia umeme wa maji wa Malagarasi unakuja, dizeli imepitwa. Sawa. Lakini viwanda vya mawese tunavyoahidiwa vitakuja na boila zao, na hapo ndipo ombi langu lilipo: yeyote anayeomba leseni ya kuzalisha umeme kwa kuunguza chochote mkoani hapa aandike joto litakwenda wapi na nani atalitumia. Na aandike kabla ya kupewa kiwanja. Umeme utasafiri mpaka Kibondo. Mvuke hupoa njiani. Wakamuaji wakipangiwa viwanja kilomita tatu kutoka kwenye boila, bomba la mvuke hakuna atakayelijenga.

Wako,
Mkamuaji wa mawese, Mwandiga