Barua kwa mdogo wangu wa Wete anayesubiri usaili wa uzamivu

Assalaam aleikum mdogo wangu,

Mama kanambia wale wa chuo cha Boston, Marekani, ulikoomba nafasi ya uzamivu (PhD), wamekuita kwenye usaili kwa mtandao, na tangu barua pepe iingie huli ukashiba wala hulali. Nakuandikia hadharani kwa sababu msimu huu, Januari hadi Machi, wenzako wengi Chake na Unguja wako katika hali hiyohiyo.

Kwanza saa. Wamekupa saa nne asubuhi ya kwao. Kwetu ni saa kumi na mbili jioni, tena ndani ya Ramadhani. Utakuwa umefunga kutwa, koo kavu, na adhana ya magharibi itakukuta katikati ya swali. Waandikie leo, kwa adabu, uombe saa saba mchana ya kwao. Kwetu itakuwa saa tatu usiku, umeshafuturu na nyumba imetulia. Hilo si ombi la ajabu, wanasaili watu wa nchi nyingi. Wakikusogeza hadi baada ya Jumapili ya pili ya Machi, hesabu upya: Marekani hupeleka saa mbele, tofauti yetu inatoka nane inakuwa saba.

Nasema haya kwa uchungu. Usaili wangu wa kwanza niliufanya nimeshuka melini asubuhi ileile, usiku kucha sikufumba jicho, nakariri muhtasari wa tasnifu. Profesa mmoja akaniuliza ni kitu gani kilinishangaza katika utafiti. Nikamsomea muhtasari. Akauliza tena kwa maneno mengine, nikamsomea tena. Niliuona uso wake unapoa pale kwenye skrini.

Wewe la kujibu unalo. Unakumbuka ulivyonipigia kutoka pwani, maji yamekupwa, ukaniambia mwani wa aina ya kotonii umegeuka mweupe na unakatika mkononi, na ule wa aina nyingine, spinosamu, uliofungwa kwenye kamba ya pili umesimama vilevile? Ukasema maji yalikuwa moto hata miguu haivumilii. Yule mama mkulima akakueleza kwamba kotonii ndiyo yenye bei, na ingeota vizuri kwenye maji ya kina, lakini chombo hana na kuogelea hajui. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wanaoingia majini zaidi ni wanawake kama yule. Swali lako la uzamivu lilizaliwa pale. Lieleze kama ulivyonieleza mimi, ukianza na ile kamba.

Mweleze bibi kwanza, kwa Kiswahili, kwa dakika tatu. Akikukatiza kuuliza, hapo pana shimo, lizibe. Kiingereza utakitia baadaye.

Umeme unajua ulivyo, kwa hiyo chaji kompyuta na simu tangu mchana, na simu iwe na bando lake.

Na wewe uwaulize. Omba kuzungumza na wanafunzi wa profesa atakayekusimamia, peke yao. Wanamaliza kwa miaka mingapi? Posho inatosha kodi ya nyumba? Mtu akiumwa au akifiwa, msimamizi anakuwaje? Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, niambie kabla hujakubali chochote. Miaka mitano ni mingi kukaa na mtu asiyekujali.

Wiki hiyo kula daku, usiiruke. Futari ya wageni usipike wewe, nimeshasema na mama na karidhia. Siku yenyewe nipigie saa mbili usiku, tuongee mambo mengine kabisa mpaka wakuite.

Dada yako