Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Uamuzi wa Kamati ulioleta maneno mengi mwaka huu ni kusitisha kufungua ploti mpya, yaani vipande vya ardhi mlimani tunamohesabu mimea na wanyama mwaka hadi mwaka, hadi za zamani zihesabiwe upya. Naanza nao, maana barua zenu nyingi zilikuwa juu ya hilo.

Wapo waliosema tunawabana watafiti vijana. Sikubaliani nao. Ukanda wetu, ule ulio chini kidogo ya mpaka wa juu wa miti, una mimea isiyo na haraka. Lobelia telekii, mmea mkubwa wa Mlima Kenya, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Kwa jamaa yake Lobelia keniensis, rozeti (shada la majani) iliyochanua hufa lakini zile zilizounganishwa nayo chini ya ardhi huendelea kuishi. Anayepita msimu mmoja ataziandika zote mbili “imekufa”, na atakosea kwa moja. Wa kumsahihisha ni yule aliyefunga vibao vya namba miaka iliyotangulia.

Waliodumu na ploti zao wamevuna. Kule Gothic, Colorado, Marekani, kwenye kimo cha mita 2,900 hivi, mwanabiolojia David Inouye alianza kuhesabu maua mwaka 1973. Kwa kurudi pale pale kila mwaka ilionekana kwamba theluji ikiyeyuka mapema, mimea huwahi kutoa matumba, kisha baridi kali ya usiku huyaua. Joto likaleta hasara ya baridi! Jambo hilo halionekani katika msimu mmoja wa kazi. Mahali hapo hapo mamoti, wanyama wa jamii ya kindi wanaolala majira yote ya baridi, wamefuatiliwa tangu 1962.

Karibu na kwetu kuna misitu ya Erica, miti ya majani madogo sana, ya Kilimanjaro. Moto umeusukuma chini mpaka wake wa juu, na miti hiyo ndiyo inayonasa maji ya ukungu, kwa hiyo hasara haiishii kwenye miti. Baada ya moto kama ule wa Oktoba 2020, hakuna awezaye kupima kurudi kwa mimea bila hesabu ya kabla.

Sasa fomu za kuandikia tunachokiona kwenye ploti. Zilizorudi mwaka huu zina nafasi tupu nyingi kwenye safu ya wanyama. Nafasi tupu si sifuri. Kama ulikaa ukatazama na hukumwona pimbi wala ndege aitwaye chozi kwenye maua, andika 0. Kama mvua ilikufukuza kabla ya kutazama, andika hivyo. Karani wa data hawezi kukisia, na mimi simruhusu akisie. Kimo na saa ya kuanza viandikwe pale pale mlimani, si jioni kambini. (Wanaojijua wanajijua.)

Kamera za kutegea zimefanya kazi vizuri, isipokuwa zile zilizofungwa zikielekea nyasi ndefu, ambazo zilitupigia picha nyingi za upepo. Fungeni kwenye njia za wanyama na mkate nyasi za mbele tu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina kwenye mkutano mkuu. Ada zilizochelewa zilipwe kabla ya hapo, kwa kuwa katiba yetu haimruhusu mwenye deni kupiga kura, na ajenda ya ploti mpya itapigiwa kura.

Katibu wetu anamaliza muda wake. Majina ya wanaopendekezwa kushika nafasi hiyo yamfikie makamu mwenyekiti kwa maandishi, yakiwa na saini ya anayependekezwa.

Mwenyekiti